Faili Lako Halionekani

Katika misheni ile kila mwanamume aliyekuja kutumikia aliitwa Mzee, hata kama ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kuota. Kila mwanamke aliitwa Dada, hata kama ana wajukuu watano na meno ya bandia. Ndiyo ulikuwa utaratibu wa kanisa lao, na hakuna aliyeombwa maoni. Siku ya kwanza walipofika, mume wa Dada wa Ofisi alisikia mtu akiita "Mzee!" kwenye korido, akageuka kwa heshima zote za miaka sitini na tisa, akakuta wavulana sita nao wamegeuka.

Kwa hiyo majina ya utani hayakukwepeka. Kulikuwa na Mzee Mrefu, Mzee Miwani, na Mzee Kimya, ambaye akikusalimia unadhani anakuungamia dhambi. Yule mume wa miaka sitini na tisa akawa Mzee wa Funguo, kwa sababu funguo za nyumba zote walimopangishiwa vijana zilikaa kiunoni mwake. Ndiye aliyewapelekea magodoro, aliyeziba mabomba yao na kuwaokoa walipojifungia nje. Mkewe akawa Dada wa Ofisi, na jina hilo lilimkaa sawasawa, utafikiri alipimwa kwa fundi cherehani.

Miaka thelathini na mitatu alikuwa karani wa masjala hospitalini, akitunza mafaili ya wagonjwa. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi, akaenda nyumbani kukaa. Akakaa miaka tisa. Watoto wake watatu walikuwa wameshaoa na kuolewa, na walipompigia simu walimuuliza habari za mguu. Hakuna aliyemuuliza kitu ambacho yeye peke yake ndiye angekijua, na hilo lilimuuma kuliko mguu wenyewe. Misheni alikuwa ameitamani tangu ujana. Mumewe, mwashi mstaafu, yeye aliridhika na redio yake na ukuta wa nyuma ambao hakuacha kuurekebisha, lakini alikubali kwa ajili ya mkewe. "Miezi kumi na minane si kifungo cha maisha," alisema, akaviringisha mwiko wake katika gazeti na kuutia chini kabisa ya sanduku.

Na hapa, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vioo, Dada wa Ofisi alipata uhai mpya. Asubuhi alifungua madirisha mawili, akawasha mashine ya kunakili, ambayo ilikuwa haiamki mpaka upige ubavu wake kofi, kisha akapanga barua, vibali vya ukaazi na tiketi za wanaokuja na wanaoondoka. Ukutani kulikuwa na ubao wenye picha za vijana themanini na wawili, kila picha na sumaku yake. Kijana akihamishiwa mji mwingine, ni yeye aliyeihamisha picha, na alifanya hivyo kwa vidole viwili, taratibu, asije akamwamsha.

Halafu kulikuwa na simu. Ilikuwa simu ya mkononi, ya dharura, na yeye ndiye aliyeibeba. "Dada, bomba limepasuka." "Dada, mwenzangu ana homa." "Dada, yai linachemka dakika ngapi?" Zote alizijibu kwa uzito uleule. Aliibeba hadi jikoni, hadi kanisani, hadi mezani wakati wa kula, na akienda kulala aliilaza karibu na sikio.

Nyumbani, kabla ya misheni, mumewe hakuwa akimwita Dada. Alikuwa akimwita Faili. Walikutana kwenye dirisha la masjala, yeye akiwa mwashi kijana aliyeangukiwa na tofali kidoleni, ametumwa na daktari achukue faili lake. Karani alipekua rafu, akarudi mikono mitupu, akamwambia, "Faili lako halionekani. Rudi kesho." Kesho yake halikuonekana. Siku ya tatu likaonekana, lakini kufikia hapo mwashi alikuwa ameshajua karani anaishi wapi, anaimba kwaya gani, na kwamba hapendi watu wanaotafuna na mdomo wazi. Tangu siku hiyo akamwita Faili, iwe mbele ya wakwe, mbele ya watoto au sokoni, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Naye karani akamwita Fundi. Walikwenda hivyo miaka arobaini na mmoja.

Wiki ya kwanza ya misheni, mumewe aliingia ofisini funguo zikigongana kiunoni, akapaza sauti mbele ya Mkuu wa misheni na vijana wanane: "Faili! Umeiona miwani yangu?" Vijana walicheka hadi mmoja akajishikilia kwenye mashine ya kunakili. Dada wa Ofisi alisikia uso unamwaka. Akamvuta mumewe pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini lakini yenye makali, "Mzee, tuko kazini. Hapa mimi ni Dada."

Mumewe alimtazama kidogo. "Sawa, Dada," alisema, na mambo yakaisha. Angalau yeye aliona yameisha.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Jumanne hiyo Mkuu wa misheni, bwana mpole aliyekuwa mhandisi wa barabara kabla ya kuitwa na kanisa, alikuwa anaondoka kwa siku tatu kuzungukia matawi ya mbali. Akiwa mlangoni na mkoba begani alimwachia Dada wa Ofisi folda ya safari ili azitoboe karatasi na kuziweka mahali pake. Gari liliposhaondoka alikaa, akachukua kitoboleo, akaanza. Katikati ya fomu mbili karatasi ndogo ya njano ikateleza, ikamwangukia mapajani. Ilikuwa na mwandiko wa Mkuu:

"Mzee anaomba kurudi nyumbani kabla ya muda wake. Nimemsikiliza, ana sababu, namwelewa. Nitaamua Ijumaa. Dada asijue mpaka Mzee amwambie mwenyewe."

Ilikuwa wazi kwamba haikuandikwa ili yeye aisome. Aliisoma mara mbili.

Karani wa masjala hashindwi kumtambua mgonjwa kwa sababu tu jina limekosekana. Alisimama mbele ya ubao wa picha, mikono nyuma, akawapita mmoja mmoja. Mzee gani ana dada? Hapo hakuhitaji hata miwani. Mzee Kimya alikuwa na dada yake wa tumbo moja katika misheni hiihii, katika mji mwingine, jambo ambalo hutokea kwa nadra mno, na ofisi nzima ilikuwa ikilitania. Mzee Kimya, aliyekuja wiki moja na wao. Mzee Kimya, ambaye wiki iliyopita alionekana na macho mekundu akasema ni vumbi. Na Mkuu aliacha kuandika jina ili kulinda siri ya kijana. Kila kitu kilikaa mahali pake, na Dada wa Ofisi akaona huruma na hasira kwa pamoja, kama mama anayemkuta mtoto amekaa juu ya paa.

Jioni walikaa mezani, supu na mkate, simu katikati ya mabakuli mawili.

"Mzee," alisema, "kuna Mzee anataka kurudi nyumbani."

Kijiko cha mumewe kilisimama njiani. "Nani kakwambia?"

"Karatasi. Imedondoka kutoka kwenye folda ya Mkuu. Haina jina, lakini hanidanganyi mtu. Najua ni nani."

Mumewe alikirudisha kijiko kwenye bakuli, polepole, bila kutoa mlio. "Unajua."

"Nitaachaje kujua? Miezi saba tu! Hata nusu hajafika."

"Na unasemaje?"

"Nasema ni uoga. Kitanda anacho, chakula anacho, watu wanampenda. Na linaloniudhi zaidi ni hilo la kumficha dada. Unaenda kumlilia Mkuu, halafu dada wa watu anaendelea na kazi zake, hajui hili wala lile, kama mjinga."

Mumewe alikuwa ameinamia meza. Alichukua kipande cha mkate, akakigawa mara mbili, kisha mara nne, asile hata kimoja.

"Labda kuna mtu anamkumbuka," alisema.

"Amkumbuke nani? Na dada yuko hapahapa!"

"Ndiyo hilo," alisema mumewe.

Alitaka kumuuliza hilo lipi, lakini simu ikaita. Ilikuwa Mzee Miwani na suala la kibali chake, kurasa zipi zinakiliwa na zipi haziguswi. Aliipeleka dirishani, akamweleza kijana ukurasa kwa ukurasa, na aliporudi mezani bakuli lake lilikuwa limefunikwa kwa sahani na la mumewe limeshaoshwa. Mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani, redio mapajani, imezimwa. Amechoka, alijisemea, akamalizia supu yake akipanga moyoni atakavyomwokoa Mzee Kimya.

Mpango ulikuwa rahisi. Asubuhi alimpigia simu, akamwambia aje achukue godoro. Mzee Kimya akaja na mwenzake, kwa kuwa vijana wa misheni hutembea wawiliwawili. Mwenzake akabaki koridoni na ndizi aliyopewa ili asisikilize. Dada wa Ofisi alifunga mlango, akavuta kiti, akashusha pumzi. Hotuba yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa na machozi kidogo, na kisa cha muuguzi aliyetaka kuacha kazi wiki ya tatu na baadaye akawa msimamizi wa wodi nzima. Ilimalizikia kwa maneno, "Kwa hiyo mwanangu, usikimbie. Na kama ni lazima, basi dada yako asiwe wa mwisho kujua."

Mzee Kimya alikuwa anamtazama kama mtu aliyeingia darasa silo.

"Dada," alisema, kwa ile sauti yake ya maungamo, "mimi siendi popote."

"Si lazima unifiche."

"Kweli. Dada yangu akisikia nimetoroka atanikata masikio. Mimi nimekuja kuchukua godoro."

"Na yale macho mekundu?"

"Vumbi, Dada. Tulikuwa tunafagia dari."

Koridoni mtu alikuwa anamenya ndizi.

"Basi ni nani?" alisema Dada wa Ofisi, zaidi kwa ubao wa picha kuliko kwa kijana.

Mzee Kimya alisugua magoti. "Sipendi kusema mambo ya watu," alisema.

"Sema tu."

"Mzee wa Funguo alikuja kwetu juzi, kutengeneza bomba. Akaniuliza kama naona vigumu kumwita dada yangu Dada. Nikamwambia, yule ni dada yangu kweli, nitamwita nani tena? Akacheka. Akasema, 'Una bahati, kijana. Wewe ulikuja na dada, ukabaki na dada.' Halafu akaomba nimshikie tochi. Sikumwelewa."

Dada wa Ofisi alimwelewa. Alimpa kijana godoro lake, akamfungulia mlango, akawatazama wawili wale wakilishusha ngazini, mmoja mbele mmoja nyuma, kisha akaufunga mlango na kwenda kwenye kabati. Alitoa faili la maagizo ya Mkuu, miezi saba ya karatasi za njano. Kila kijana alikuwa ameandikwa jina lake la ukoo kwa herufi kubwa, bila kukosa. Watu wawili tu hawakuwa na majina. "Dada achapishe orodha mpya." "Mzee apeleke vitanda Alhamisi." Ilikuwa hivyo tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Katika misheni yenye Wazee na Madada themanini na zaidi, Mkuu alikuwa na Mzee mmoja na Dada mmoja ambao hawakuhitaji jina, na mmoja wao alikuwa ameshika faili mkononi.

Hasira ndiyo iliyotangulia, tusifichane. Miaka arobaini na mmoja, na mtu anampelekea mambo ya ndani mhandisi wa barabara! Alifunga kabati kwa kishindo. Alijua vizuri kanuni: wanandoa huja wawili na huondoka wawili, hakuna nusu. Akirudi mmoja, misheni yake yeye imekwisha, na Jumatatu atakuwa amekaa sebuleni kwake chini ya saa ya ukutani, anaulizwa habari za mguu. Kwa nini asimwambie? Amemfanya nini?

Alikaa. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho mumewe alipomwita Faili, akaanza na jana, akarudi nyuma. Si jana. Si siku ile maji yalipojaa bafuni, ambapo mtu yeyote angemwita mkewe kwa jina lolote linalokuja mdomoni, alisema, "Dada, lete ndoo." Si siku ya kuzaliwa kwake, alimletea kitambaa cha kichwa, akasema, "Hongera, Dada." Si jikoni, si kitandani, si popote. Alirudi hivyo mwezi baada ya mwezi mpaka akafika wiki ya kwanza, pembeni ya mashine ya kunakili. Yeye alimaanisha ofisini. Mumewe, ambaye akiambiwa ukuta uishie hapa haongezi hata tofali moja, alitii mpaka mwisho.

Naye hakugundua, na hilo ndilo lililomliza. Miezi saba mtu amenyamaza jina lake na yeye hakusikia tofauti. Na zaidi, mara ya mwisho kumwita yeye Fundi ilikuwa lini? Hakuikumbuka hata kidogo. Halafu ikamjia jana jioni, supu, na maneno yake mwenyewe: nasema ni uoga. Alidhani anamsema mtoto wa watu, na mume amekaa mbele yake anakata mkate vipande vinne.

Alibandika mlangoni kikaratasi, NIMETOKA, ambacho hakuwahi kukibandika tangu afike, akashuka.

Mumewe alikuwa katika nyumba moja tupu mitaa minne kutoka hapo, inayosubiri vijana wapya. Alikuwa anapiga lipu ukuta wa bafu uliobanduka. Mlango ulikuwa wazi, na mkewe aliusikia mwiko kabla hajauona, ule mkwaruzo aliouzoea wa kutandaza na kusawazisha. Ulikuwa mwiko uleule uliosafiri chini ya sanduku. Alisimama mlangoni pa bafu na mkoba wake.

"Dada," alisema mumewe bila kugeuka. Alimjua kwa hatua. "Kuna shida?"

"Nilidhani ni Mzee Kimya."

Mwiko ulisimama.

"Ile karatasi," alisema. "Nilidhani inamhusu Mzee Kimya na dada yake. Yale niliyosema jana, nilikuwa namsema yeye. Hata yeye hayakumhusu."

Mumewe aligeuka. Alikuwa na chokaa kwenye nyusi. Alimtazama kwa muda, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ikamchukua mkewe kitambo kujua kwamba anacheka. "Mimi usiku kucha najiambia, huyu mwanamke amejifunza mafumbo lini? Ameniita mwoga mbele ya supu yangu, na wala hanitazami!"

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Kasirika. Una haki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeulizia ratiba ya basi. "Nilijaribu Jumapili. Nikasema, kuna jambo nataka tuzungumze. Simu ikaita. Nikasubiri. Ulipomaliza uliniuliza kama funguo za nyumba ya kona zimepatikana."

Alikumbuka. Zilikuwa zimepatikana.

"Sikiliza," alisema mumewe, akakaa ukingoni mwa bafu na mwiko magotini. "Kazi si mbaya. Vijana ni wazuri, isipokuwa hawajui kufunga bomba. Lakini mimi nilitoka nyumbani na mke, nikafika hapa nikapewa dada. Dada ninao watatu, wote wazima, wote wanasema sana. Sikuwa na upungufu wa dada."

Mkewe alitaka kucheka, akajikuta analia, na kwa kuwa hapakuwa na kiti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ninakukumbuka," alisema mumewe. "Uko pale, mita mbili, nakuona kabisa, na ninakukumbuka. Nitamwambia nani kitu kama hicho? Nilimwambia Mkuu. Nikamwambia anirudishe peke yangu, wewe ubaki, maana sijawahi kukuona na furaha kiasi hiki. Akasema kanuni hairuhusu. Nikamwambia basi afikirie mpaka Ijumaa."

Simu ikaita ndani ya mkoba. Wote wawili waliutazama mkoba. Mkewe hakusogea.

"Pokea," alisema mumewe. "Labda mtu anaungua."

Alipokea. Hakuna aliyekuwa anaungua. Lilikuwa swali la mahali pa kununulia kamba ya kuanikia nguo. "Waulize wasaidizi wa Mkuu," alisema, "wapo chumba cha pili, wana masikio mawili kila mmoja," akakata. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu hivyo, na dunia haikuanguka.

"Tutarudi," alimwambia mumewe. Alisema haraka, kabla hajaanza kujionea huruma. "Safari naandaa mimi mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Wawili, Jumatatu. Sitaki kukaa hapa naitwa na watu themanini na wawili, halafu yule mmoja hana la kuniita."

"Na misheni yako?"

"Nimeipata miezi saba. Wengine hawapati hata siku."

Mumewe aliukwangua mwiko kwa kidole gumba, akatazama ukuta aliouacha nusu, lipu ikianza kukauka pembeni. "Nimalizie hii kwanza," alisema. "Ikikauka hivi itapasuka."

Alimalizia. Mkewe alibaki juu ya ndoo akimtazama, na aliposimama kwenda alimshika kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kile kilichoangukiwa na tofali, ambacho mpaka leo kucha yake huota kombo.

"Nikwambie kitu?" alisema. "Lile faili lako halikupotea. Lilikuwa kwenye droo yangu siku zote tatu."

"Najua," alisema mumewe.

"Unajuaje?"

"Siku ya pili nililiona. Kona ilikuwa imechomoza. Jina langu lote lilisomeka."

"Na ukaondoka?"

"Uliniambia nirudi kesho," alisema mumewe. "Nikarudi."

Jioni ile simu ililala kwa wasaidizi wa Mkuu, vijana wawili waliokabidhiwa kwa maandishi, na saini zao zikachukuliwa. Ingekuwa hivyo kila siku kuanzia saa kumi na mbili, dharura au si dharura, isipokuwa moto. Pale mezani kati ya mabakuli mawili palibaki nafasi, na hawakujua waweke nini hapo, wakaiweka redio. Hawakuzungumzia Jumatatu. Yeye alikuwa ameshaandika fomu mbili za safari kwa mwandiko wake ulionyooka, na fomu zilikuwa kwenye mkoba, zimebaki saini tu. Alimwambia mumewe zilipo. Mumewe akasema amesikia.

Ijumaa Mkuu alirejea mapema, viatu vimejaa vumbi. Kufikia saa tatu ofisi ilikuwa imefurika kama ilivyo kila Ijumaa: Mzee Mrefu na mwenzake wanangoja barua, Mzee Miwani na kibali chake, wengine wawili wanangoja mashine ya kunakili ipigwe kofi. Mkuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake na folda ya safari mkononi, anapekua kurasa, anatafuta kitu ambacho hakionekani. Dada wa Ofisi alikuwa mezani kwake. Fomu mbili zilikuwa mbele yake, na kalamu juu yake.

Mumewe aliingia. Hakupita pembeni kama siku zote kwenda kutundika funguo. Alisimama nyuma ya Mzee Miwani, akangoja zamu yake kama raia yeyote, kofia mkononi. Zamu ilipofika alisogea mezani, akakohoa.

"Samahani," alisema. "Nilileta ombi. Nimekuja kuulizia limefikia wapi."

Mkuu akainua kichwa kutoka kwenye folda. Dada wa Ofisi alimtazama mumewe, akaona nyusi hazina chokaa tena, na kwamba amevaa shati lililopigwa pasi, na kwamba macho yake hayakuwa yakitazama fomu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana wa dirishani. Akazikunja zile fomu mbili, akazisukuma kando. Alijifanya anatafuta, kwanza kwenye trei ya juu, halafu ya kati, halafu chini ya kitoboleo, bila haraka, kwa ujuzi wa miaka thelathini na mitatu.

"Faili lako halionekani," alisema. "Rudi kesho, Fundi."

Mumewe alishusha macho. Droo ya meza haikuwa imefungwa vizuri, na kona ya karatasi ya njano ilikuwa imechomoza. Aliitazama kona ile kwa muda, mkewe akimwona anavyoitazama. Kisha akaenda ukutani, akatundika kofia yake, akachukua funguo za nyumba ya kona.

"Haya," alisema kutoka mlangoni, kwa ile sauti ya juu ya jukwaa la ujenzi. "Nitarudi kesho, Faili."

Mzee Mrefu alicheka hadi akajishikilia kwenye mashine ya kunakili. Dada wa Ofisi hakumkanya mtu.